Kumpeleka Mama na Kijana Kuona Gorila wa Bwindi: Jibu kwa Mwalimu wa Mbarara

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Mbarara, mzaliwa wa Bukoba. Mwezi Agosti mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, atakuja kututembelea, nami ningependa kumpeleka pamoja na mwanangu kuona gorila huko Bwindi, msitu ulio kusini-magharibi mwa Uganda. Mama anasumbuliwa na goti la kulia, ingawa bado analima shamba lake. Mwanangu atatimiza miaka 15 mwezi Novemba, na nimeambiwa kwamba atakataliwa. Je, hakuna namna ya kumwombea ruhusa? Tena nimesoma kwamba watu huwaambukiza gorila magonjwa. Ikiwa ni hivyo, je, ni haki sisi kwenda?

Jibu: Mwalimu, nitatanguliza jibu lenyewe kisha nitoe sababu zake. Mama anaweza kwenda, mradi daktari aliyelitazama goti lake amkubalie, na mradi mchague upande wa msitu unaolifaa goti hilo. Kijana hawezi kwenda mwezi Agosti, na tafadhali usimtafute mtu wa kumwombea ruhusa. Akishatimiza miaka 15, hata hivyo, mnaweza kwenda wote watatu mwezi Januari, na kwa maoni yangu Januari itawafaa hata kama suala la umri lisingekuwapo. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na majibu ya mengine yanatokana nalo, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mtu akisomewa masharti ya kuwatembelea gorila kwa mara ya kwanza huyaona kama makatazo yaliyorundikwa pamoja bila uhusiano. Kundi moja la gorila halitembelewi na zaidi ya watu 8 kwa siku. Wageni hao hukaa nalo saa moja tu, wakiwa wamevaa barakoa, na hawaruhusiwi kusogea karibu zaidi ya mita 10. Mwenye mafua, kikohozi, homa au tumbo la kuhara haruhusiwi kwenda kabisa, wala aliye chini ya miaka 15. Masharti haya karibu yote yana mzizi mmoja, nao ni pumzi ya binadamu. Gorila ni jamaa yetu wa karibu mno kimaumbile, kiasi kwamba vijidudu vinavyotupa sisi mafua ya siku tatu huingia katika mapafu yake bila kizuizi, naye hana kinga ambayo mtu ameijenga tangu utotoni kwa kuugua na kupona mara nyingi. Mafua yanayokuacha wewe ukiendelea kufundisha darasani yanaweza kumpa gorila kichomi, na kichomi hicho kikaenea katika familia inayolala pamoja, inayochanuana manyoya, na ambayo watoto wake hubebwa vifuani siku nzima.

Huku kwetu jambo hili si la kukisia. Mwaka 1996 kundi moja la gorila wa Bwindi lilishikwa na upele, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba chini ya ngozi, ambao wakati huo ulikuwa umeenea miongoni mwa watu wa vijiji vinavyopakana na msitu. Manyoya yaliwanyonyoka, na mtoto mmoja akafa. Waliosalia walipona baada ya kutibiwa. Aliyeongoza matibabu hayo alikuwa Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa kwanza wa wanyamapori nchini Uganda, ambaye wakati huo alikuwa kijana sana kazini. Inaaminika kwamba gorila hao waliupata upele kwenye nguo chakavu ambazo wakulima walikuwa wamevika sanamu za kutishia wanyama mashambani, kwa sababu gorila hutoka msituni kufuata migomba na hushikashika chochote wanachokikuta njiani. Mwaka 2003 daktari huyo alishiriki kuanzisha shirika ambalo hadi leo hushughulikia afya ya gorila na afya ya wanavijiji kwa pamoja, kwa hoja iliyo wazi kwamba huwezi kumkinga mnyama ukimwacha jirani yake akikohoa bila dawa. Na kwa kuwa nyinyi ni watu wa Tanzania, nitakukumbusha pia yaliyotokea Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1966, ambapo sokwe kadhaa walipooza na wengine wakafa kwa ugonjwa ulioonekana kuwa polio, katika kipindi ambacho polio ilikuwapo miongoni mwa watu wa eneo hilo.

Hapo ndipo inapopatikana sababu ya umri wa kijana wako. Watu wengi hudhani kwamba mtoto anakatazwa kwa kuhofia atachoka au atapiga kelele. Hilo nalo lina ukweli wake, lakini sababu kubwa ni kwamba watoto ndio wanaobeba na kusambaza kwa urahisi maradhi kama surua, tetekuwanga na mafua, na mara nyingi huyabeba kabla dalili hazijaonekana. Wewe ni mwalimu, unajua mtoto mmoja akianza kukohoa Jumatatu darasa linakuwaje ifikapo Ijumaa. Ni kweli kwamba kijana wa miaka 14 na miezi 9 hatofautiani sana na wa miaka 15 kamili, lakini mpaka ukishasogezwa kwa ajili ya mtoto wa mwalimu utasogezwa kesho kwa ajili ya mtoto wa mkubwa fulani, na kesho kutwa hautakuwapo. Siku ya safari mchukulie pasipoti au cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ataulizwa.

Sasa, je, ni haki kwenda? Mimi ninaamini kwamba ni haki, na ninaamini hivyo baada ya kufanya kazi ya kuongoza wageni katika misitu hii kwa muda mrefu na kuona pande zote mbili za jambo hili. Sensa ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019 ilihesabu gorila 459 katika msitu wa Bwindi pamoja na kipande cha msitu cha Sarambwe kinachopakana nao upande wa Kongo. Wakijumlishwa na 604 wa milima ya Virunga, gorila wote wa milimani waliosalia duniani walikuwa 1,063. Hakuna bustani ya wanyama popote duniani inayowafuga. Wale wanaoonyeshwa Ulaya na Marekani ni wa jamii nyingine, karibu wote wakiwa wa nyanda za chini za Afrika Magharibi na ya Kati. Wakiisha hapa wameisha. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa takriban miaka 10, hubeba mimba kwa karibu miezi minane na nusu, karibu sawa na mwanamke, na huchukua kama miaka minne kabla ya kuzaa tena, hivyo pengo la kifo kimoja huchukua muda mrefu kuzibika. Pamoja na hayo yote, idadi yao imekuwa ikiongezeka, na mwezi Novemba 2018 walitolewa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka na kushushwa daraja moja. Ongezeko hilo limetokana na ulinzi wa kila siku, na ulinzi wa kila siku hulipiwa kwa kiasi kikubwa na vibali vya wageni.

Mwaka 2020 tulionyeshwa waziwazi maana ya jambo hilo. Utalii ulipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, vijana wengi wa vijiji vya Kisoro na Kanungu waliokuwa wakiishi kwa kubeba mizigo ya wageni, kupika hotelini na kuuza vinyago walibaki bila kipato, na mitego ikaongezeka msituni. Mwanzoni mwa Juni mwaka huo dume mkuu wa kundi la Nkuringo, aliyeitwa Rafiki, alichomwa mkuki na mtu aliyekuwa akiwinda wanyama wadogo. Mwindaji huyo alifungwa miaka 11. Rafiki alikuwa mlezi wa kundi zima, na kundi linapompoteza dume wake linaweza kusambaratika, majike yakachukuliwa na madume wengine na watoto wachanga wakauawa na dume mgeni. Kwa hiyo, Mwalimu, kutokwenda kabisa si lazima kuwe ndiko kuwahurumia gorila. Kinachowaumiza ni kwenda vibaya. Utafiti uliofanyika Bwindi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika karibu kila ziara iliyochunguzwa wageni walisogea karibu kuliko umbali ulioruhusiwa, ambao wakati ule ulikuwa mita 7. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika msitu huu mgeni anaweza kumfanya mwenyeji augue, na ni juu ya mgeni kuhakikisha kwamba haiwi hivyo.

Kutokana na hayo, maandalizi yenu makubwa yatafanyika nyumbani Mbarara, siyo msituni. Mwambie mama afike angalau wiki moja kabla ya siku ya safari, asiteremke kwenye basi la kutoka mpakani Mutukula leo na kupanda mlima kesho. Basi lililojaa watu na madirisha yaliyofungwa ndipo mahali ambapo mtu huokota mafua, na mafua ya kawaida hujitokeza ndani ya siku chache. Akikaa nanyi wiki nzima mtajua kama yuko salama. Wiki hiyo msiende kwenye mikusanyiko isiyo ya lazima, na kijana asichangamane na wenzake wenye mafua. Ikiwa asubuhi ya safari mmoja wenu atakuwa na makamasi au koo linamwasha, aseme. Nimewaona wageni wakimeza dawa ya kikohozi kwenye gari ili wasisikike mbele ya waongozaji, na nasema kwa uchungu kwamba hilo ni kosa lisilo na udhuru, kwa kuwa mtu huyo alijua. Kabla ya kulipia kibali, uliza kwa maandishi masharti ya kurudishiwa fedha au kubadilishiwa tarehe kwa mtu aliyeugua, ili siku hiyo pesa isiwe kishawishi cha kuficha ugonjwa.

Niingie sasa kwenye goti la mama. Hifadhi ya Taifa ya Bwindi ina ukubwa wa kilomita za mraba 321, na ardhi yake imekunjamana kutoka mita 1,160 hadi mita 2,607 juu ya usawa wa bahari, hivyo tambarare ni adimu. Ina pande nne za kuanzia safari, na kibali hununuliwa kwa upande maalumu, si kwa msitu mzima; ukishakosea hapo ni vigumu kurekebisha baadaye. Buhoma uko kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga kusini, na Nkuringo kusini-magharibi. Kwa mtu mwenye goti bovu, Nkuringo ungekuwa chaguo langu la mwisho. Mandhari yake ni ya ajabu, volkano za Virunga zikionekana zimejipanga upande wa pili wa bonde, lakini safari huanzia juu ya ukingo na kuteremka moja kwa moja, kisha lazima upande mwinuko uleule wakati wa kurudi ukiwa umechoka. Watu huogopa kupanda, ilhali goti lenye maumivu huteswa zaidi na kuteremka, kwa kuwa uzito wote wa mwili huliangukia kila hatua. Ruhija uko juu ya mita 2,000, hewa ni baridi na nyepesi zaidi, na matembezi mara nyingi ni marefu.

Ningewashauri Buhoma. Ndiko utalii wa gorila nchini Uganda ulikoanzia mwaka 1993, kwa kundi la Mubare. Njia zake za mwanzo ni pana kiasi, na baadhi ya makundi ya upande huo yana desturi ya kukaa si mbali sana na kituo. Rushaga ni chaguo la pili lenye busara, kwa kuwa una makundi mengi kuliko pande nyingine, na hivyo waongozaji wana nafasi ya kuwapangia wazee kundi lililolala karibu. Iwe ni Buhoma au Rushaga, ugawaji wa wageni hufanyika asubuhi ileile baada ya kusomewa masharti, na ndipo unapotakiwa kumfuata mwongozaji mkuu na kumweleza habari za goti bila kuona haya. Wao hupenda kuambiwa mapema. Kinachowatatiza ni mtu anayejikaza kimya na kuishiwa nguvu akiwa bondeni. Hata hivyo gorila hawafungwi kamba: kundi lililokuwa nusu saa kutoka kituoni jana linaweza kuwa saa nne leo, na lazima mama ajiandae kwa siku ndefu.

Wapagazi hukodishwa pale kituoni, na mama achukue wake mwenyewe hata kama hana mzigo wa kubeba. Mpagazi mzuri humshika mtu mkono kwenye utelezi, humsukuma taratibu mgongoni kwenye mwinuko, na humwonyesha mahali pa kukanyaga. Wengi wao ni vijana wa vijiji vya jirani, na ujira wao ni pesa inayofika nyumbani jioni hiyohiyo. Ikiwa daktari atasema kwamba mama asitembee saa nyingi, bado njia ipo. Watu wa Kigezi, yaani eneo hili la milima, tangu zamani wamekuwa wakibeba wagonjwa wao milimani kwa engozi, machela ya kusukwa ambayo wanaume huipokezana mabegani, na kila kijiji kilikuwa na chama chake cha kusaidiana kwa kazi hiyo. Ujuzi huohuo sasa hutumika kumbeba mgeni asiyeweza kutembea hadi karibu na gorila. Ni huduma ya gharama, kwa sababu inahitaji watu wengi wa kupokezana kutwa nzima, na lazima iombwe mapema. Hakuna aibu ndani yake, na mama aelezwe hivyo kabla hajaondoka Bukoba ili asije akaikataa kwa fahari.

Kuhusu majira, mvua kubwa za Bwindi hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Agosti huwa na ukavu kiasi, na ndiyo maana uliichagua, lakini ndio wakati ambao wageni kutoka ng'ambo humiminika. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari mvua hupungua tena, shule zimefungwa, wewe na kijana mna nafasi, na baada ya sikukuu za mwaka mpya vibali hupatikana kwa wepesi zaidi. Hata hivyo huo ni msitu wa mvua, na mawingu hayafuati kalenda. Koti la mvua ni la lazima mwezi wowote ule.

Bei isikutishe. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi za Uganda, na kiwango kilichoanza kutumika Julai 2024 ni shilingi 300,000 kwa mtu mmoja, ilhali mgeni wa kutoka nje ya Afrika asiyeishi hapa hulipa dola 800. Nyote watatu mnastahili kiwango hicho cha chini, mradi kila mmoja awe na pasipoti au kitambulisho cha uraia, nalo jina lililoandikwa kwenye kibali lilingane na la hati hiyo herufi kwa herufi. Kibali kinunuliwe kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda moja kwa moja au kwa kampuni ya utalii yenye leseni. Mtu anayekuahidi kibali cha nusu bei kwa kukutumia ujumbe wa simu, mwepuke.

Siku yenyewe huanza mapema. Mtatakiwa kuwa kituoni kufikia saa moja na nusu asubuhi. Wakati huo watafuta nyayo watakuwa wameshaingia msituni, nao hawaendi kubahatisha: huanzia pale walipowaacha gorila jana jioni, kisha hufuata alama hadi kwenye viota vya usiku. Kila gorila aliyekwishaachishwa ziwa hujitengenezea kiota kipya kila jioni kwa kukunja matawi na mashina ya majani na kuyalalia, na asubuhi watafuta nyayo huvihesabu kimoja kimoja. Hutazama ukubwa wa kinyesi kilichoachwa ndani, na hutafuta nywele. Palipo na nywele nyeupe ndipo alipolala dume mkuu, na palipo na kinyesi kikubwa na kidogo pamoja ndipo alipolala mama na mwanawe. Kutoka hapo hufuata mashina yaliyomenywa. Shina ambalo utomvu wake bado unang'aa linaonyesha kwamba kundi limepita muda si mrefu, na lililokwisha kuwa la kahawia linaonyesha kwamba kazi bado ipo. Wakiwapata, hutoa taarifa kwa redio, na mwongozaji wenu huchagua njia. Askari wawili wenye silaha watakuwa pamoja nanyi, mmoja mbele na mmoja nyuma, zaidi kwa ajili ya tembo wa msituni, ambao wakishtushwa hufukuzwa kwa risasi ya hewani.

Mkikaribia, mtaacha mizigo, fimbo na chakula kwa wapagazi, na mtavaa barakoa. Saa yenu huanza kuhesabiwa pale mnapowafikia, hivyo matembezi ya kutwa hayapunguzi kitu. Mwongozaji atakuwa akitoa mngurumo mzito wa kooni, wa mara mbili mbili, unaofanana na mtu anayesafisha koo. Ndiyo sauti ambayo gorila wenyewe huitoa wanapokula kwa amani, na kwa hiyo huwafahamisha kwamba waliofika ni watu wanaowajua. Makundi haya yamezoeshwa binadamu kwa kutembelewa kila siku kwa muda wa miaka miwili au zaidi kabla ya mgeni wa kwanza kuruhusiwa. Kuzoea watu hakumaanishi kufugwa. Dume mwenye mgongo wa rangi ya fedha, ambaye huweza kufikia takriban kilo 200, akiona mtu amemkaribia jike au mtoto kwa namna asiyoipenda, huinuka, hujipiga kifua kwa viganja vilivyokunjuliwa, na huweza kuwajia kwa kasi huku akivunja vichaka. Mara nyingi sana huo ni mtihani tu, naye husimama kabla ya kufika. Msikimbie hata kidogo. Inameni, tazameni chini, na mfuate sauti ya mwongozaji. Mfundishe kijana jambo hili mapema, mlifanyie mazoezi nyumbani, maana miguu ya kijana hukimbia kabla akili haijaamua.

Baada ya hapo tulieni mtazame, na ombi langu ni kwamba simu zikae mfukoni kwa sehemu kubwa ya saa hiyo. Tazameni pua zao: mikunjo iliyo juu ya matundu ya pua hutofautiana kwa kila mmoja, na kwa mikunjo hiyo watafuta nyayo huwatambua kwa majina. Tazameni kama kuna anayemung'unya gogo lililooza. Wageni hudhani ana njaa, lakini watafiti waliopima vyakula vya gorila wa Bwindi waligundua kwamba magogo hayo ndiyo yanayowapa sehemu kubwa sana ya chumvi mwilini, kwa sababu majani wanayokula yana chumvi kidogo mno. Mtoto akiwasogelea, kama watoto wafanyavyo, rudini nyuma taratibu nyote pamoja, hata kama moyo unatamani kunyoosha mkono. Kikohozi kikikubana ghafla, geukia upande mwingine na ukohoe kwenye kiwiko ukiwa na barakoa yako. Picha zipigwe bila mwanga.

Vazi ni rahisi kueleza: suruali ndefu nene iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, shati la mikono mirefu, glavu za kazi za shambani kwa sababu mtashika majani yanayowasha kama upupu, na buti zenye meno ambazo mama ameshazivaa kwa wiki kadhaa. Maji ya kutosha na chakula cha mchana. Kuanzia sasa mama atembee kwenye vilima vya kwao kila siku kwa kadiri goti linavyomruhusu, akitumia fimbo wakati wa kuteremka.

Kuna jambo moja hukuuliza, nami naona ni wajibu wangu kulitaja. Msitu huu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, ambao wazee wao waliishi humo kwa kuwinda na kukusanya asali na mizizi, walitolewa, na wengi wao hawakupewa ardhi wala fidia. Wengine wanaishi hadi leo kando ya msitu kama vibarua kwenye mashamba ya watu. Sheria inaagiza kwamba asilimia 20 ya ada za kiingilio cha hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka, na sehemu ya bei ya kila kibali cha gorila pia huenda huko, lakini kinachomfikia Mbatwa mmoja mmoja ni kidogo. Mkilala Buhoma siku ya pili, kuna matembezi ambayo Wabatwa wenyewe huwaongoza wageni na kuwaeleza dawa, mitego na nyimbo za wazee wao. Mpeni nafasi mzee anayeongoza aeleze mambo kwa mpangilio wake, na ujira wake mpeni yeye mkononi. Kijana wako atajifunza hapo kwamba gharama za kuwahifadhi gorila zimelipwa pia na watu.

Kwa utaratibu wa vitendo, mwone daktari wa mifupa pamoja na mama kwanza, kabla ya kulipa chochote. Akimruhusu, nunua vibali vitatu vya Buhoma mwezi Septemba au Oktoba kwa tarehe ya Januari ambayo kijana atakuwa ameshatimiza miaka 15, na siku hiyohiyo uulize habari za machela hata kama mnadhani hamtaihitaji. Kutoka Mbarara mtapitia Ntungamo, Rukungiri na Butogota; barabara ya mwisho ni ya udongo na yenye kona nyingi, kwa hiyo ondokeni asubuhi na mlale Buhoma usiku wa kuamkia safari. Usiku huko ni wa baridi, na mama atahitaji sweta hata mwezi Januari.